Hoteli Iliyokunywa Ghuba

Kwa miaka hamsini na mmoja Gudveig Hjelmtveit alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, akivaa soksi za sufu jozi mbili, akishuka ngazi ya nyuma na kuwasha jiko la ukumbini. Wageni walidhani Hoteli ya Hellevik ina joto kwa sababu ni hoteli nzuri. Wapi! Ilikuwa nyumba ya mbao ya mwaka 1891, ghorofa tatu na mnara, vichwa vya majoka vimechongwa kwenye pembe za paa, na upepo wa ghuba uliingia humo bila kubisha hodi ukajichagulia chumba. Joto la Hellevik lilikuwa ni Gudveig.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Kazi ya kusimamia vyumba alitakiwa awe ameiacha zamani, lakini hakupatikana mtu wa kumwambia. Aliishi chumba namba thelathini na moja, kile cha chini ya mnara, na funguo za nyumba nzima zilining'inia kiunoni mwake zikilia kama kengele ya mbuzi, hivyo kila mtu alijua alipo, isipokuwa asubuhi zile alizozifunga kitambaa.

Ukarabati ulipoanza, boila ya mafuta ilitolewa chini ya nyumba vipande vipande, kama ng'ombe aliyefia zizini. Serikali ilishazipiga marufuku boila za namna ile. Kisha wakaja watu wa majengo ya kale wamevaa glavu nyeupe, wakapapasa kila ubao, wakasema ukuta usitobolewe, dari yenye maua isiguswe, madirisha ya vioo vya mawimbi yasibadilishwe. Wakanywa kahawa, wakaondoka. Fundi Oddlaug Rørvang alibaki amekaa juu ya boksi lake la vifaa, ameshika tama.

"Sasa haya mapaipu niyapitishe wapi, bibi? Hewani?"

Gudveig akamwangalia juu mpaka chini. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega ya mpiga makasia, nywele kazifunga kwa kipande cha waya. Anayefunga nywele kwa waya, akajisemea, angalau hakuja hapa kutafuta mume.

"Inuka," akamwambia. "Na uje na tochi."

Akampeleka ghorofa ya tatu, akasukuma kabati la mashuka kwa nyonga, na nyuma yake pakatokea kimlango kidogo. Ndani kulikuwa na tundu refu lililoshuka moja kwa moja hadi chini ya nyumba. Nguo chafu za wageni zilitupwa humo kwa zaidi ya miaka mia, zikadondoka kwenye chumba cha kufulia.

Oddlaug aliingiza kichwa na tochi, akapiga mluzi. Halafu akachukua ndoano, akavua kitu kilichokwama kwenye msumari: soksi ya mwanamume, na mkanda wa soksi wa mwanamke, vimesokotana.

"He! Hivi navyo?"

"Soksi ni ya mchungaji mmoja," alisema Gudveig bila hata kufikiri.

"Umejuaje, bibi?"

"Ina kiraka. Wengine wote waliolala ghorofa hii walikuwa matajiri."

"Na mkanda je?"

"Huo hauna kiraka," Gudveig alisema, akarudisha kabati.

Basi mapaipu yakapandia kwenye tundu la nguo chafu, bila ukuta kuguswa, na kutoka hapo yakaenda chini ya sakafu hadi kwenye vyuma vya zamani vya joto vilivyokaa chini ya kila dirisha. Hapo urafiki ukaota. Gudveig akawa anampelekea fundi kahawa na mkate wa jibini ya kahawia saa nne kila siku, na Alhamisi madonge ya viazi kama nyumba zote za pwani ile. Lakini urafiki ni kitu kimoja na kuamini mashine ni kitu kingine.

Mashine ilipofika ilikaa palepale ilipokuwa boila. Sanduku la kijivu, ukubwa wa kabati la nguo. Halikuwa na mlango wa kutia kuni wala bomba la moshi.

"Moto unawashwa wapi?" aliuliza Gudveig.

"Hakuna moto, bibi."

"Sasa joto linatoka wapi?"

Oddlaug akaonyesha kwa kidole, kupitia kidirisha cha chini ya nyumba, nje. Huko kulikuwa na ghuba tu, nyeusi, imetulia katikati ya milima yenye theluji.

"Nimelaza bomba mpaka mita hamsini chini. Huko maji hayajui kama ni Januari au Julai, nyuzi saba mwaka mzima. Tunayaleta hapa, tunayavua joto lake, tunayarudisha yakiwa na nyuzi tatu. Zile nyuzi nne tulizoyanyang'anya, mashine inazikusanya, inazibana, inazibana, mpaka paipu inafika nyuzi hamsini."

"Mwanangu, mimi nimesoma darasa la saba, lakini darasa lenyewe nililisoma. Huwezi kupata moto kwenye kitu cha baridi."

"Humu ndani kuna maji fulani, siyo haya tunayoyajua. Haya yanachemka hata ndani ya friza. Kwako ghuba ni baridi. Kwa maji haya, ghuba ni jiko limewaka."

Gudveig aliokota kikombe, akapanda ngazi.

Oddlaug hakuwa na makosa, maana hakuwa amezaliwa. Machi 1979, mume wa Gudveig, Sjur, aliteleza kwenye mashua mita mia mbili kutoka gatini, mbele ya madirisha ya hoteli. Alijua kuogelea. Walimfikia baada ya dakika kumi na tano, na daktari alisema hakufa kwa maji, alikufa kwa baridi. Gudveig ndiye aliyemvua viatu. Maji ya ghuba ile aliyajua kwa mikono yake, na leo binti mwenye waya kichwani anamwambia ni jiko.

Mwenye hoteli alikuwa Ingebrikt, mtoto wa dada wa bosi wa zamani, aliyemwita Gudveig shangazi tangu utotoni, mtu mpole anayekunja uso kabla ya kusema neno baya, kwa hiyo wiki ya pili ya Februari alipoingia jikoni kaukunja, Gudveig akaweka kisu chini.

"Sema tu, Ingebrikt. Utapata mikunjo ya bure."

"Shangazi Gudveig, ni hivi. Tumekubaliana na ndugu zangu. Tunaijaribu nyumba asubuhi tatu, wakati huu wa baridi kali. Hakuna kuni, hakuna kingine, ni mashine peke yake. Hata asubuhi moja vyumba vyote thelathini na kimoja vikifika nyuzi ishirini, hoteli inafunguliwa mwaka mzima. Visipofika..."

"Visipofika?"

"Tutakuwa tunafunga kuanzia Oktoba mpaka Mei. Tunamwaga maji kwenye mapaipu, tunafunga milango. Na wewe huwezi kukaa peke yako kwenye nyumba iliyoganda. Nimekuulizia chumba kule mjini, kwenye nyumba ya wazee. Kizuri sana. Kina dirisha kubwa."

"Linatazama nini?"

Ingebrikt akakunja uso zaidi. "Maegesho ya magari. Lakini kila Jumanne kuna bingo."

Gudveig alichukua kisu akaendelea kumenya viazi, na maganda yakatoka mazito kuliko kawaida.

Sasa mwanamke ambaye amelibeba joto la nyumba mgongoni miaka hamsini na mmoja, ukimwambia akae aiachie kabati la kijivu linalonyonya maji yaliyomuua mumewe, atafanya nini? Gudveig alifunga funguo zake kitambaa. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja, nje ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, akashuka na soksi zake jozi mbili, akawasha jiko la ukumbini. Kuni za mbetula, ule mti wa gome jeupe, zilizokauka miaka miwili, zisizotoa moshi wa kutangaza. Ilipofika saa moja moto ulishakwisha, majivu kayazoa, kizuizi cha shaba kakirudisha mbele ya jiko, na jiko lenyewe, la jiwe zito, limemeza joto lote kimyakimya. Harufu? Nyumba ile ilinuka moshi wa mbetula tangu 1891. Pua ya mtu wa Hellevik ingeshtuka tu kama ingekosa harufu ile.

"Nimekusaidia kidogo," aliliambia kabati la kijivu moyoni. "Usiseme kwa mtu."

Saa mbili Ingebrikt alishuka, akapanua mikono ukumbini. "Lo! Ishirini na tatu! Oddlaug, wewe ni mchawi!"

Halafu wakapanda juu na kipimajoto. Ghorofa ya pili, nyuzi kumi na sita. Ya tatu, kumi na nne. Chumba cha Gudveig, kumi na mbili.

Oddlaug alikimbilia madirisha kwanza, maana alikuwa mtoto wa nchi ile na aliwajua watu wake: hata theluji ifike magotini, mtu hapati usingizi mpaka aache dirisha wazi kidogo. Alikuta yote yamefungwa.

"Hata la kwangu," alilalamika Ingebrikt. "Nimelala kama samaki wa kopo. Kichwa kinanipasuka."

Mchana kutwa Oddlaug alipita chumba kwa chumba akitoa upepo kwenye vyuma vya joto, akiweka sikio kwenye mapaipu kama daktari. Gudveig alimtazama akaona huruma. Akaamua kumsaidia zaidi. Asubuhi ya pili alichoma magogo mara mbili ya jana.

Ukumbini, nyuzi ishirini na sita. Ghorofa ya tatu, kumi na moja. Kwenye chumba cha Gudveig, maji ya kwenye glasi ya meno yake ya bandia yalikuwa yanafikiria kuganda.

Ingebrikt alikunja uso tu, akaingia ofisini akafunga mlango.

Saa nne Gudveig alishuka na kahawa. Oddlaug alikuwa amekaa sakafuni kaegemea mashine, macho mekundu.

"Kunywa, mwanangu. Ndiyo mambo ya mashine. Wewe umejitahidi."

"Mashine haina kosa, bibi. Ndiyo inayonitia wazimu! Usiku inavuta vizuri, halafu ikifika alfajiri inalala. Inalala kabisa. Kama mtu aliyeshiba."

"Inashibaje?"

"Kule ukumbini nimeifungia sikio. Kile kiboksi cheupe nyuma ya kiti cha joka, kile cha kuchonga. Ndicho kinachoiambia nyumba ikoje. Kikisema ukumbi una baridi, inafanya kazi. Kikisema ukumbi una joto, inajua nyumba nzima ina joto, inapumzika. Na ukumbi una joto! Sijui kwa nini ukumbi tu. Nimehesabu kila paipu."

Gudveig alikuwa anamimina kahawa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kikamwagikia kiatu cha Oddlaug.

"Bibi! Bibi, kahawa!"

"Nyuma ya kiti cha joka," alisema Gudveig taratibu. "Hatua tano kutoka kwenye jiko."

"Ndiyo, lakini jiko halijawa..." Oddlaug akamtazama yule mzee. Akatazama zile soksi za sufu zenye vumbi la majivu kwenye ncha. "Bibi Gudveig. Hapana. Niambie hapana."

"Nilidhani nalisaidia."

Oddlaug alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutetemeka. Gudveig alidhani analia, akainama amshike. Kumbe anacheka, anacheka mpaka waya unachomoka kichwani.

"Siku mbili! Siku mbili nazungumza na mapaipu, na wewe uko juu unailisha usingizi! Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa!"

"Ningekuwa mtoto wako ungekuwa na akili zaidi ya kuweka sikio karibu na jiko."

"Hapo umenipata," alisema Oddlaug, akajifuta macho. Kisha akawa mtu mzima tena. "Lakini Ingebrikt lazima ajue. Akiamini kwamba mashine imeshindwa asubuhi mbili, hata ya tatu ikifaulu atasema ni bahati."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Gudveig hakuwahi kumwomba mtu msamaha katika nyumba ile tangu mwaka 1988, na ile mara ya mwisho haikuwa kosa lake. Alipanda ngazi, akagonga mlango wa ofisi, akasema yote bila kukaa. Ingebrikt alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikunjuka, ukakunjika, ukakunjuka.

"Shangazi, ningeweza kukufukuza."

"Ulishapanga kunifukuza. Mimi nimekuja kukuambia tu kwamba mashine haina hatia."

Ingebrikt akasema, "Kesho ni ya tatu. Siongezi nyingine. Redio inasema nyuzi ishirini chini ya sifuri." Akamtazama kiunoni. "Na kiberiti, Shangazi."

Gudveig akatoa kiberiti mfukoni mwa aproni akakiweka mezani. Cha mfuko wa pili hakukitoa. Uungwana nao una mipaka.

Asubuhi ya tatu aliamka saa kumi na moja, maana mwili ulishazoea. Chumba hakikuwa cha joto, hakikuwa cha baridi. Akashuka ukumbini, akakaa mbele ya jiko lililolala, mikono kaikalia kabisa, chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Kiberiti kilikuwa kinamchoma nyonga kwa kukaa tu pale. Mbao za nyumba zilikuwa zinapasua sauti kwa baridi, pa, pa, kama watu wanaovunja matawi. Miaka hamsini na mmoja, kila aliposikia sauti ile alitia gogo. Sasa alikuwa anaisikia na kukaa.

Ndipo akasikia kitu kingine. Kilitoka chini ya sakafu, kizito, laini, hakikatiki. Kama paka mkubwa amelala chini ya nyumba.

Akashuka. Taa moja ya kijani iliwaka kwenye kabati la kijivu. Alisimama mbele yake na soksi zake, hajui afanye nini, kama mgeni asiyejua ajitambulishe vipi. Kisha akanyoosha mkono, akashika bomba lililotoka ghubani.

Ilikuwa yenyewe. Baridi ile ile. Aliitambua kwenye mifupa ya vidole, ile ile aliyoikuta ndani ya viatu vya Sjur. Hakuondoa mkono. Akanyoosha mwingine, akashika bomba lililopanda kwenye tundu la nguo chafu.

Lilikuwa la moto. Siyo vuguvugu, la moto, kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi, mpaka akavuta pumzi kwa kelele.

Akabaki hivyo, mkono huu kwenye kifo cha mumewe, mkono huu kwenye joto, na kati ya mikono miwili hakuna moto, hakuna gogo, hakuna jivu, hakuna mtu aliyeamka alfajiri. Upana wa kifua chake tu. Na maji hayakukatika. Yaliingia, yakatoa kidogo yalichokuwa nacho, yakarudi baharini, mengine yakaja, na mengine, ghuba nzima imepanga foleni huko gizani, kilomita na kilomita za maji zinasubiri kupita chini ya hoteli ya mbao na kuacha nyuzi nne. Gudveig alikuwa amemwogopa mnyama yule, ghuba, maisha yake yote. Hakujua kwamba ndani yake alikuwa na damu ya moto.

"Ulikuwa nalo," alinong'ona. "Siku zote ulikuwa nalo."

Oddlaug alimkuta hapo saa mbili kasoro, mikono bado kwenye mabomba, macho yamelowa.

"Bibi? Vipi?"

"Nyamaza kidogo. Linachemka."

Oddlaug akasimama kando yake, wakasikiliza pamoja.

"Unajua," alisema Oddlaug baadaye, kwa sauti ya chini, "kiangazi naligeuza. Ule ukumbi wa vioo, Julai, wageni wanapozimia kwa joto? Baridi ya ghuba itapandia mapaipu haya haya."

"Kwa hiyo majira ya baridi anatupa joto, na kiangazi anatupepea."

"Ndiyo."

"Sjur hakuwahi kunifanyia yote mawili," alisema Gudveig, akaondoa mikono.

Saa mbili walipanda wote watatu, Ingebrikt mbele na kipimajoto. Nje ilikuwa ishirini na moja chini ya sifuri. Ukumbini, ishirini na nusu. Ghorofa ya kwanza, ishirini, ishirini na moja, ishirini. Ya pili, hivyo hivyo. Ingebrikt alianza kutembea upesi, kisha akawa anakimbia, anafungua milango na kupiga kelele namba kama mtu anayeita bingo, na Gudveig akamkumbusha kwamba siyo Jumanne.

Chumba cha thelathini na moja kilikuwa cha mwisho. Kona ya upepo, chini ya mnara, ambako hata jiko la Gudveig halikuwahi kufika. Waliingia. Ingebrikt aliweka kipimajoto juu ya meza ya kitanda, pembeni ya glasi ya meno, wakasubiri. Hakuna aliyepumua sana, wasije wakaongeza joto kwa ujanja.

"Ishirini na moja," alisema Ingebrikt. Akakaa kitandani mwa shangazi yake bila kuomba ruhusa. Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. "Ishirini na moja, Shangazi. Nitawapigia simu mjini niwaambie hicho chumba wampe mwingine."

"Waambie wampe anayependa magari."

"Na leo," alisema, "Mungu akipenda, nitalala dirisha wazi."

"Thubutu!" alisema Oddlaug.

Walishuka wakigombana hivyo hivyo mpaka sauti zikapotelea chini. Gudveig alibaki. Alitoa kile kiberiti cha pili mfukoni, akakiweka kwenye droo, siyo mbali sana. Akavua soksi jozi moja. Kisha akasogea dirishani, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma cha joto, na akatazama nje. Jua lilikuwa linagusa vilele, na kwa ile baridi ghuba ilikuwa inafuka, moshi mweupe unapanda kutoka kwenye maji yote mpaka ng'ambo, kama sufuria kubwa iliyoanza kuchemka.

Alisimama muda mrefu. Funguo kiunoni hazikulia.

"Umechelewa miaka arobaini na mitano," aliiambia ghuba. Chini ya viganja vyake chuma kilizidi kupata moto. "Haya. Ingia."